Kisogo cha Nyundo

Asubuhi ya matembezi Msusi alikuwa ameshafunga mzigo wake, na haukuwa mzigo wa matembezi. Lilikuwa sanduku, liko chini ya kitanda, upande wake wa kulala, na ndani yake alikuwa ametia kila nguo aliyoipenda pamoja na vitana vyake vya kazi. Kesho, Jumapili, kaka yake angekuja na pikapu kumchukua. Leo gereji ya mumewe ilikuwa inawapeleka wafanyakazi na familia zao kwenye hifadhi ya ziwani, na yeye alikubali kwenda kwa ajili ya watu wawili tu: mama mkwe wake, aliyeisubiri siku hiyo kama mtoto aliyeahidiwa viatu vipya, na binti yake, Chiriku, ambaye hakujua lolote. Wacha wafurahi, alisema moyoni. Ya kesho watayajua kesho.

Usije ukadhani mumewe alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mlevi, hakuwa mpigaji, na mshahara wake ulifika nyumbani mzima. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, mtu wa kugonga bati kutwa nzima mpaka mlango uliobonyea urudi kuwa mlango, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Nyundo. Kosa lake lilikuwa moja: haongei na mkewe. Sasa mfikirie mwanamke ambaye kazi yake ni kusuka nywele, anayeshinda katikati ya vicheko na umbeya mtamu, anarudi nyumbani hadithi zimemjaa mpaka kooni, anazimwaga, na mumewe amempa kisogo. Akijitahidi sana atasema, "Sawa." Siku nyingine, "Haya." Siku akiwa na furaha, "Sawa, sawa."

Mwanzoni Msusi alidhani ni uchovu. Baadaye akadhani ni mwanamke.

"Shoga, maneno yote hayo hayawezi kukaa tumboni mwa mtu," mteja wake mmoja alimwambia, kichwa kikiwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. "Kuna mahali anayapeleka. Wewe chunguza."

Alichunguza. Mashati, mifuko, simu, kila kitu. Hakuona kitu, na huko kutoona kitu ndiko kulikomuumiza zaidi. Angekuwapo mwanamke, angemtafuta akamwambia la rohoni. Lakini mume aliyekuchoka tu, bila sababu, utamshitaki kwa nani?

Basi Jumapili iliyopita, baada ya kula, alisimama kwenye sinki akiosha sufuria, bomba linamwagika, Nyundo yuko mezani nyuma yake anamalizia mkate. Alikuwa ameyapanga maneno siku nyingi. Akayasema kwa mara moja, macho yake kwenye povu.

"Baba Chiriku, mimi nimechoka. Nataka niende kwa kaka, nikakae huko moja kwa moja. Unasemaje?"

Nyuma yake Nyundo alimalizia kutafuna.

"Sawa," Nyundo akasema. "Fanya tu."

Msusi aliendelea kusugua sufuria ile ile mpaka maji yakapoa. Kesho yake jioni Nyundo alirudi na mtungi mpya wa gesi begani, akauweka jikoni, akaufunga mpira wake vizuri, akapangusa mikono kama mtu aliyemaliza jambo la maana. Msusi alimtazama akasema kimoyomoyo, mwenzangu anajiandaa kujipikia. Usiku ule ndipo alipompigia kaka yake.

*

Pale langoni walianza kwa aibu. Bibi, yaani mama yake Nyundo, alikuwa amechemsha mayai ya familia nzima na ya majirani wa basi, akayatia kwenye mfuko wa plastiki. Askari wa lango akautoa mfuko kwenye kikapu, akauinua juu kwa vidole viwili, kila mtu akauona.

"Plastiki hairuhusiwi humu ndani."

"Sasa mayai yataingia na nini?" Bibi akauliza. "Yatatembea?"

"Mama, sheria ni sheria. Yatoe."

Foleni nyuma yao ilikuwa ndefu. Mke wa bosi wa gereji, aliyevaa kofia pana na viatu vyeupe ambavyo vilikuwa havijawahi kuona vumbi, alitazama pembeni kwa ile heshima inayouma kuliko kucheka. Msusi alivua kitambaa chake cha kichwani, akakitandaza juu ya meza ya askari, akapanga mayai, akafunga fundo. Alibaki kichwa wazi mbele ya watu, yeye msusi, na nywele zake mwenyewe zilikuwa hazijasukwa wiki nzima kwa ajili ya mawazo. Nyundo alikuwa hatua chache mbele, anaangalia ubao wenye ramani. Hakugeuka.

Angalia, akajisemea. Mama yake mzazi anadhalilishwa na hageuki.

Mwongoza wageni alikuwa dada mmoja mrefu mwenye buti na filimbi shingoni. Aliwakusanya kivulini akawapa masharti: watembee mmoja nyuma ya mwingine, wasitupe taka, wasichume kitu.

"Na la mwisho ndilo kubwa," alisema. "Hili ziwa lina wenyewe. Kuna viboko. Mara nyingi wako majini, lakini siku ya mawingu kama leo wanaweza kuchelewa nchi kavu. Mkisikia filimbi, simameni pale pale mlipo. Hakuna mjadala. Tumeelewana?"

"Tumeelewana!" watu wakaitikia.

Nyundo naye alitikisa kichwa, na midomo yake ikaitikia pamoja na wenzake.

*

Bibi hakupanda mlima. Alikaa kwenye meza za kupumzikia, karibu na maji, pamoja na mke wa bosi na chupa za chai. "Nyinyi nendeni mkachoke," alisema. "Mimi nimeshachoka zamani, sina haja ya kwenda kutafuta." Alimkabidhi Msusi fundo la mayai wapate kula njiani, na mengine akabaki nayo kwenye bakuli la mke wa bosi, maana wawili hao walishaanza kuelewana.

Njia ilikata katikati ya msitu, ikapanda polepole, halafu ikapanda kweli kweli. Chiriku alikwenda mbele anapiga picha za kila jani. Msusi alikuwa nyuma ya mumewe, na alichokiona saa nzima ni kile kile alichokuwa anakiona nyumbani: kisogo. Kisogo kipana, chenye mikunjo miwili, kilichoungua na jua la uani kwenye gereji. Alikijua kisogo kile kuliko alivyoujua uso.

Kilichomchoma ni Spana. Huyu alikuwa mwenzake Nyundo kazini, mtu mwembamba mwenye mdomo mkubwa, na alikuwa anatembea mbele ya Nyundo huku akigeuka kila mara. Alijipiga paja, akachora duara hewani, akaonyesha kwa kidole buti za bosi zilizokuwa zinateleza kwenye tope, akajifanya anaanguka. Nyundo akacheka. Alicheka mpaka akashika mti. Msusi alikuwa hajasikia kicheko kile muda mrefu kiasi kwamba kilimgutusha.

Kumbe kucheka anajua, alisema moyoni, na macho yakamwasha. Ni mimi tu ambaye hanitaki.

Juu ya kilima waliona ziwa lote, la kijivu, limetulia, na ukingo wa matete kule chini. Walikunywa maji, walipiga picha, bosi alitoa hotuba fupi kuhusu umoja. Kisha wakaanza kushuka upande wa pili, na katikati ya mteremko dada mwenye buti aliinua kidole.

"Shhh. Msikilizeni huyo."

Watu walinyamaza. Na mahali pale, bwana, palikuwa na ukimya ambao mtu wa mjini hajawahi kuukuta. Hapakuwa na gari, redio wala nyundo. Ndani ya ukimya huo ndege akalia, sauti ndefu inayopanda kama mtu anauliza swali. Vichwa vyote viligeuka kushoto, kwenye mti mkubwa.

Vyote isipokuwa kimoja. Nyundo alikuwa anatazama watu. Macho yake yalimpitia Spana, yakampitia bosi, yakampitia Chiriku, ndipo kichwa chake nacho kikageuka kushoto, kimechelewa, na kwenye midomo yake kukawa na tabasamu dogo kama walilokuwa nalo wengine.

Msusi alikunja uso. Ndege akalia tena, safari hii kutoka kulia, nyuma yao kabisa. Watu wote wakageuka, wengine wakashangilia kwa kunong'ona. Nyundo alibaki vile vile, anautazama mti wa kushoto, anatabasamu.

Kitu kilimshtua Msusi kifuani. Labda hapendi ndege, alijaribu kujiambia. Msafara ulipoanza kutembea tena, alimsogelea mumewe nyuma, karibu kiasi cha kumgusa.

"Baba Chiriku," akasema kwa sauti ya kawaida.

Kisogo hakikujibu. Hilo halikuwa geni.

"Baba Chiriku!"

Kimya.

"Nyundo! Moto! Shati lako linawaka moto!"

Mbele kule Spana aligeuka, bosi aligeuka, Chiriku alikuja mbio na simu mkononi. "Mama, moto uko wapi?" Nyundo alimwona binti yake anakimbia, akampisha njia, akamshika bega kwa upendo asije akateleza, akaendelea na safari yake.

"Hakuna moto," Msusi alisema. "Nilikuwa natania."

Alitaka kukaa chini palepale afikiri. Hakupata nafasi.

*

Njia ilipofika chini, msitu uliisha ghafla na ziwa likawa hapo hapo, na nyasi fupi, na matete. Nyundo alikuwa na mwendo wa mtu wa kazi, na kwa sababu Spana alikuwa amesimama kufunga kamba za viatu, akawapita watu wote, hata dada mwenye buti. Alivua koti akalitupia begani akielekea majini, nadhani alitaka kunawa uso.

Filimbi ililia. Ililia mara moja, kali, halafu ikalia mfululizo. Watu wote walisimama kama walivyoambiwa.

Kulikuwa na jiwe kubwa jeusi karibu na matete, na jiwe lile likatingisha masikio.

"Wewe mzee! Simama!" dada mwenye buti alipiga kelele. "Simama hapo hapo! Uko kati yake na maji!"

Nyundo hana hili wala lile. Anatembea, koti linacheza begani, anaangalia mawingu. Kiboko aliinua kichwa. Watu walianza kupiga mayowe, bosi analiita jina lake kwa hasira, Chiriku anapiga kelele "Baba! Baba!" kwa sauti ambayo Msusi hajawahi kuisikia kwa mwanawe. Na kisogo kile kilikuwa kinakwenda tu.

Msusi alitoka mbio. Dada mwenye buti alimdaka kiunoni. "Usiende! Mtakufa wawili!"

"Hakusikii!" Msusi alipiga ukelele. "Hasikii, huelewi? Hasikii!"

Ndipo alipokumbuka alichoshika. Alifungua fundo kwa meno, akatoa yai, akalitupa kwa nguvu zake zote. Likaanguka majanini. La pili likapita pembeni ya sikio la mumewe, yeye akadhani ni mdudu, akapunga mkono. La tatu lilimpata katikati ya kisogo.

Nyundo aligeuka na ngumi imekunjwa. Akamwona mkewe, mikono juu, uso umelowa machozi. Akaona kundi zima limekodoa macho. Hakuelewa kitu. Lakini Spana alikuwa amesukuma watu akaja mbele, akainua mikono miwili juu ya kichwa, akaipishanisha, kisha akaishusha viganja chini na kuivuta polepole kuelekea kwake. Kule gereji, ambako mgongano wa bati hauruhusu mtu kusikia hata jina lake, ishara ile ina maana moja: gari liko nyuma yako, usikurupuke, toka taratibu.

Nyundo akatii bila kuuliza. Alikuja hatua kwa hatua, ubavu ubavu, akiupisha mstari wa maji. Kiboko alimsindikiza kwa macho. Halafu, kama aliyeona hakuna tena sababu ya kugombana, akanyanyuka na mwili wake wote, akapita kwa kishindo mahali alipokuwa Nyundo, akajitosa ziwani. Maji yaliruka mpaka yakawarukia watu usoni.

Kisha watu wakaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, na Chiriku akamrukia baba yake shingoni akamng'ang'ania.

Dada mwenye buti yeye hakucheka. Hofu yake ilitoka kama hasira. Alimwendea Nyundo mpaka karibu na kifua.

"Nimepuliza filimbi, nimeita, watu wameita! Mzee, wewe ni kiziwi?"

Nyundo alimtazama. Akawatazama na watu waliomzunguka, wengine bado wanacheka, akaweka usoni tabasamu lile dogo.

"Sawa," akasema. "Sawa, sawa."

Watu walipasuka kwa kicheko upya. Msusi hakucheka. Sawa ile aliijua. Ilikuwa na sauti ile ile, upole ule ule, haina hata tone la dharau ndani yake. Ni sawa aliyopewa miaka yote mezani, kitandani, mlangoni, na Jumapili iliyopita pale kwenye sinki. Akamshika Spana mkono.

"Ndiyo, ni kiziwi," alisema, na kicheko kikakatika. "Mume wangu hasikii. Mwacheni."

Bosi alivua kofia yake akaivaa tena. "Hasikii tangu lini? Spana, wewe ulijua?"

"Nijue vipi, bosi?" Spana alisema, ameinamisha kichwa. "Pale gereji nani anasikia? Tunaongea kwa mikono sote. Yeye ndiye anayeelewa haraka kuliko wengine."

Bosi alifikiri kidogo. Aliwahi kugonga bati mwenyewe kabla hajawa bosi, na watu waliona akiingiza kidole kwenye sikio lake la kushoto, akalitikisa. "Jumatatu atakwenda kupimwa," alisema hatimaye. "Na wengine wote mtakwenda." Nani angelipia hakusema, na siku ile hakuna aliyemuuliza.

*

Walirudi kwenye meza za kupumzikia. Bibi alikuwa hajui lolote. Aliuliza tu mayai yake yalikuwaje, Chiriku akamwambia yalikuwa na nguvu. Watu wakakaa kula na kusimulia, na kila aliyesimulia alimkuza kiboko kidogo.

Msusi alimshika mumewe mkono akampeleka kwenye gogo lililolala ukingoni, wanakoonekana lakini hawaingiliwi. Nyundo alitaka kukaa bega kwa bega naye, kutazama maji. Msusi akamgeuza. Wakakaa magoti yakigusana, uso kwa uso, kama mteja na msusi wake, ila kwa upande usio wa kawaida.

"Unanisikia sasa?" aliuliza, akifungua mdomo vizuri.

Nyundo aliangalia mdomo wake. Kisha akaangalia mikono yake mwenyewe.

"Nikiuona mdomo, napata," alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa mno kwa mahali palipotulia vile, na Msusi akashangaa kwamba hakuwahi kujiuliza kwa nini mtu asiyependa kuongea anaongea kwa sauti ya mnadani. "Ukiwa mbele yangu, polepole, napata. Ukigeuka, umeondoka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeanzaje? Ilianza kama nzi amefungiwa kwenye chupa. Nikasema itapona. Nzi hakutoka, lakini watu wakaanza kutoka, mmoja mmoja. Kwanza Chiriku, maana anaongea haraka. Halafu mama. Halafu..." Akamtazama. "Wewe nilikushikilia sana, Mama Chiriku. Nilikuwa nakaa karibu na mlango ukiingia ili nione uso wako umekuja na nini. Lakini ukishaanza kuzunguka jikoni, basi."

"Na hiyo sawa yako?"

Nyundo aliona haya, mtu mzima na mvi zake. "Niliona nikisema sawa watu wanaridhika. Nikiuliza 'unasema?' mara mbili, mara tatu, wanakasirika. Mtu akishaitwa kiziwi, siku hiyo hiyo anaitwa mzee pia, na gereji hawaweki mzee. Nimesema sawa kwa mambo mengi mno. Hata sijui nimekubali nini hapa duniani."

"Umekubali niondoke," Msusi akasema.

Nyundo alifikiri hajaupata mdomo. Aliinama kidogo, anautafuta. "Sema tena."

"Jumapili. Nikiosha vyombo. Nilikwambia nimechoka, nakwenda kukaa kwa kaka, moja kwa moja, nikakuuliza unasemaje. Ukasema sawa, fanya tu. Kaka anakuja kesho na pikapu. Sanduku liko chini ya kitanda."

Aliona maneno yakimfikia moja moja. Uso wa Nyundo ulipauka, kama umemwagiwa unga.

"Mimi?" alisema. "Mimi nilisema hivyo?" Alisimama, akakaa tena. "Nilikuona mabega tu. Nikaona yamechoka. Nikasema huyu analalamika gesi, anataka kununua nyingine, maana siku ile moto ulikuwa unafifia. Kwa hiyo nikasema sawa, na kesho yake nikaenda..." Alishindwa kumaliza. "Mungu wangu. Nilikununulia gesi."

Msusi alianza kucheka na kulia kwa pamoja, vitu viwili ambavyo havina utaratibu vikikutana. Mzigo aliokuwa ameubeba kwa muda wote ule ulimtoka mabegani akausikia kabisa ukitoka. Hakuchokwa, na hapakuwa na mwanamke. Kumbe kila jioni aliyodhani anapewa kisogo kwa dharau, mtu huyu alikuwa amekaa karibu na mlango anautafuta uso wake. Alifuta kamasi kwa kile kitambaa kilichokuwa na mayai. Alikuwa na furaha mpaka akaona aibu.

Nyundo hakucheka. Alikuwa amemkazia macho.

"Jambo kubwa namna hiyo," alisema, "kwa nini hukunigusa bega? Kwa nini hukuja mbele yangu ukanitazama?"

Swali lile Msusi hakulitegemea. Alitaka kusema alikuwa na sufuria mkononi. Alitaka kusema mikono ilikuwa na sabuni. Lakini mdomo wake ulikuwa unasomwa, na alihisi kwamba uwongo ungeonekana.

"Niliogopa," alisema polepole, kila neno peke yake. "Niliogopa utasema sawa huku unaniangalia."

Upepo mdogo ulipita kwenye matete. Nyundo akanyoosha mikono yake mikubwa yenye makovu ya bati, akaushika uso wa mkewe kwa pande mbili, akaugeuza kidogo upate mwanga.

"Niulize tena," alisema. "Niulize sasa."

Moyo wa Msusi ulimdunda kama siku ya kwanza ya kuposwa. Alijua jibu, na bado aliliogopa. Akafumbua mdomo.

"Niende?"

"USIENDE!"

Nyundo alilisema kwa sauti ya mtu asiyeijua sauti yake, sauti ya kushinda winchi na jenereta. Ilipiga maji, ikagonga kilima, ikarudi. Kwenye meza vikombe vilisimama hewani. Bosi aligeuka, mke wa bosi akashika kofia yake, Spana akasimama mkate ukiwa mdomoni, na Chiriku, aliyekuwa haelewi lakini ameelewa, akaziba mdomo kwa viganja viwili.

"Asiende wapi?" Bibi aliuliza kutoka mezani. "Nyundo! Nani anakwenda wapi?"

Nyundo hakumsikia mama yake. Alikuwa bado ameushika uso wa mkewe, anautazama mdomo wake, anangoja aseme kitu kingine.